Karate na judo pamoja

Yakhe unaeuliza kama mtu wa karate anaweza kujifunza na judo, hakuna mwiko wowote, huyo mwalimu wako anaekwambia ukigusa judo unaharibu karate akumbuke hata mkanda anaoufunga umetoka huko huko judo, Funakoshi, yule mwalimu wa karate wa Okinawa, alipokuja Tokyo 1922 Kano mwenyewe, muasisi wa judo, ndo alomkaribisha Kodokan, shule yake ya judo, aoneshe karate yake, na nguo na mikanda karate ikaiga kwao. Mie nshakaa karate miaka sita, siku ya mwanzo judo nikakamatwa ukosi tu nkapigwa chini kama pweza anapondwa mwambani, mateke yote kwisha kazi lol. Jifunze kuanguka kwanza. Ila kama bado mpya kabisa subiri kidogo maana misimamo itakuchanganya, na ukienda dojo (ukumbi wa mazoezi) la watu vaa mkanda mweupe hata kama kwenu mweusi