Muulize Shangazi: Shingo imelegea, je niende kwenye mashine ya kukaza ngozi?

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa miaka 56, nakaa Pasiansi, kazi yangu ni dagaa na hapo Mwaloni Kirumba nina miaka 22 sasa. Mwaka jana nilipunguza kilo 14 baada ya daktari kunitisha na presha, nguo zinanikaa vizuri ila shingo imeachia na mashavu yameshuka, nikipiga picha sijipendi kabisa. Binti yangu anaolewa Desemba. Kuna saluni mjini wameniambia kwa laki tatu na nusu watanikaza kwa mashine ya HIFU, dakika 40 tu natoka na shingo ya msichana. Mdogo wangu anasema bora leza, jirani anasema hizo mashine zinaunguza watu weusi. Nimechanganyikiwa.
*Mama Dagaa, Pasiansi*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa harusi, na hongera zaidi kwa hizo kilo 14 manake najua ilivyo kazi kuukataa ugali wa usiku wakati nyumba nzima inakula.

Kabla hela haijatoka naomba ufanye kitu kimoja. Simama dirishani mchana, inua mkono, angalia ngozi ya ndani ya mkono wa juu kule karibu na kwapa, halafu chukua kioo uangalie pembeni ya shingo. Usiangalie kulegea kwanza, angalia ngozi yenyewe. Ya mkono utaikuta laini, rangi moja, haina mistari. Ya shingo ina mistari ya kukatisha, madoa, na ukiipapasa imekauka kama imechomwa na moshi. Zote mbili zina miaka 56, hiyo tofauti ni jua. Sasa ndo uangalie kulegea: kama na mkono nao unaning'inia, basi hizo ni kilo zilizoondoka, ngozi ilitanuka miaka na haijapata pa kurudi. Ongeza hapo na kukoma hedhi, manake ndani ya miaka mitano ya mwanzo baada ya hedhi kukata mwanamke anapoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi, na kolajeni ndo kamba zinazoishikilia. Kwa hiyo una mambo matatu, na mashine inagusa kidogo tu kati ya hayo.

HIFU ni mawimbi ya sauti, ndugu yake ultrasaundi ya wajawazito ila hii wanaikusanya sehemu moja mpaka inatoa joto ndani. Kichwa cha mashine kinapiga kwa kina cha milimita 1.5, 3 au 4.5, joto linafika nyuzi 60 mpaka 70 kwenye vinukta vidogo sana, mwili unadhani umeumia unaanza kujenga kolajeni mpya. Ndo maana haiwezekani utoke hapo na shingo mpya baada ya dakika 40, mwili unajenga taratibu, matokeo yanaonekana baada ya miezi miwili mitatu, wengine mpaka sita. Anayekuahidi leo leo anakuonyesha uvimbe, mama. Ukifanya Novemba utaenda harusini na shingo ile ile ila ina maumivu ukiigusa. Na ikikubali inakaza kidogo, yaani watu watakuambia umependeza hawajui kwanini, inakaa kama mwaka hivi halafu inapungua. Ngozi iliyobaki baada ya kilo 14 mara nyingi inashinda mashine zote hizi, dawa yake hasa ni kisu cha daktari wa upasuaji, na sikusukumi huko, nakuambia tu ili usilipe mara tatu ukitafuta kitu ambacho hakipo.

Siyo uongo kwamba zipo zinazofanya kazi. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu Ultherapy, ambayo ni mashine ya aina hii hii ya mawimbi ya sauti, mwaka 2009 kwa kuinua nyusi, 2012 wakaongeza shingo na chini ya kidevu. Lakini ile mashine anayeitumia anaona picha ya ndani ya ngozi wakati anapiga, anajua hapa ni mfupa, hapa mafuta. Mashine nyingi za saluni zinapiga gizani. Na mpaka wa taya una mshipa wa fahamu unaovuta mdomo wa chini, ukichomwa mdomo unakwenda upande, kawaida unarudi baada ya wiki au miezi lakini fikiria uko meza kuu unashindwa kucheka sawa. Nimefanya uuguzi kliniki ya ngozi miaka mingi, nimemshika mkono mama aliyekuja na mistari ya kuungua shingoni, imejipanga sawa sawa kama umechora na rula, na aliyempiga hakujua hata kichwa alichotumia ni cha milimita ngapi. Yule mama alivaa mtandio kwenye joto miezi minane. Sijamsahau.

Hilo la watu weusi jirani yako ana nusu ya ukweli. Leza nyingi zinatafuta rangi, na rangi yetu iko juu ya ngozi, kwa hiyo leza ikishikwa na mtu asiyezoea ngozi nyeusi inaunguza au inaacha madoa meusi ya miezi na miezi, mdogo wako asikupeleke huko. HIFU na zile za redio frikwensi, yaani zinazotoa joto kwa mawimbi ya redio, kama mashine ya Thermage, hazijali rangi, zinatafuta kina tu, ndo maana kwetu ni afadhali. Afadhali tu, joto likizidi linaunguza yeyote. Na zile za redio frikwensi zenye sindano ndogondogo kuwa mwangalifu nazo, Oktoba 2025 FDA walitoa tahadhari juu yake, wamepokea taarifa za kuungua, makovu, mafuta ya uso kupotea na mishipa ya fahamu kuumia. Kama kwenu mna historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, sindano achana nazo. Mwenye betri ya moyo asiguse redio frikwensi kabisa.

Mimi ningekuwa wewe laki tatu na nusu ningeiacha ikae. Ningeenda kwa daktari wa ngozi kwanza, hospitali ya Bugando si mbali na wewe, aniangalie kama ni ngozi iliyolegea au ni zile kamba mbili za misuli zinazotokea shingoni ukisema "iiii", manake kamba zinatulizwa na botoksi, sindano ya kulegeza misuli, HIFU haizipunguzi, utakaza ngozi na kamba zibaki pale pale. Halafu sanskrini SPF 30 kwenda juu, asubuhi, uso na shingo na masikio, urudie mchana, ile yenye rangi ya ngozi ni bora kwetu manake inazuia na mwanga unaoleta madoa. Mwanza tuko juu ya mita 1,100, ikweta iko hapo tu, na wewe unaanikia dagaa kwenye mchanga mweupe, jua linakupiga toka juu na toka chini, kofia pana peke yake haikufichi shingo, funga na kanga. Usiku daktari akikubali, tretinoini, dawa ya kupaka ya kuisaidia ngozi ijijenge upya, kidogo kama punje ya njegere, anza mara mbili kwa wiki, shingoni weka pungufu ya hapo maana inawasha haraka.

Na niambie ukweli, hakuna anayekusikia hapa: unapaka mkorogo? Zebaki na haidrokwinoni zimekatazwa kwenye vipodozi nchini lakini bado watu wanavipata, na zile zenye steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Shingo iliyopakwa mkorogo miaka kumi usiipeleke kwenye joto la aina yoyote. Kama unapaka usikate ghafla, nenda na kopo lenyewe kwa daktari akuachishe pole pole.

Shangazi mambo, nina miaka 29 nipo chuo Nyegezi, nataka HIFU ya kuzuia uzee mapema, uso wangu ni mwembamba. Nifanye?
*Msomaji, Nyegezi*

Hapana mwanangu. Uso mwembamba hauna mafuta ya kupoteza, na joto likipigwa kina kisicho sawa linayeyusha hayo hayo kidogo uliyonayo, mashavu yanaingia ndani unaonekana umezeeka kuliko ulivyoanza. Kolajeni yako bado ipo tele. Nunua sanskrini, inayobaki lipa ada.

Habari dada. Mimi ni baba wa miaka 61, Nansio, Ukerewe. Shingo imelegea, upande wa kulia kama imeshuka zaidi miezi hii minne, nikimeza naona inapanda na kushuka. Nimesikia kuna nyuzi wanaingiza kuvuta ngozi. Nyuzi hizo zinauma? Natumia pia aspirini kila siku.
*Baba wa Nansio*

Nzuri kaka, asante kwa kueleza vizuri manake hayo maneno yako ya katikati ndo yamenifanya nikujibu mbele ya wengine wengi. Kuhusu nyuzi, zile nyingi za PDO, aina ya uzi kama wa kushonea vidonda, zinayeyuka zenyewe ndani ya kama miezi sita, zinavuta kidogo, na kwa mtu wa aspirini zinaacha mavilio ya damu mabaya, kwa hiyo hata kama ungekuwa mzima ningekuambia subiri. Ila ngozi ikilegea kwa umri inalegea kote, haichagui upande mmoja kwa miezi minne, na haipandi mtu akimeza. Kinachopanda na kushuka ukimeza mara nyingi ni tezi ya shingo, inaweza kuwa goita ya kawaida, inaweza kuwa kitu kingine, na asikudanganye mtu kwa kuibana na vidole tu. Wiki hii hii nenda hospitali ya wilaya hapo Nansio, waambie "uvimbe wa shingo, upande wa kulia, miezi minne, unapanda nikimeza", hivyo hivyo nilivyoandika, uombe ultrasaundi na kipimo cha homoni za tezi. Wakikuandikia rufaa panda meli uje Bugando, usiahirishe kwa sababu ya msimu wa samaki. Kama sauti imeanza kukwaruza au unakabwa ukilala chali, usingoje hata kesho.

Aspirini usiache mwenyewe, aliyekuandikia ndiye aamue. Nyuzi tutaongea ukirudi na majibu.