Fedha za mgodi zina majina yake: ushauri kwa afisa mahusiano ya jamii mpya

Hongera kwa ajira. Wiki ya kwanza utakuta mezani barua nyingi kuliko ulivyotegemea: jezi za timu ya kata, mabati ya ofisi ya kijiji, mafuta ya magari ya msafara wa Mwenge, mchango wa Nane Nane, sare za watumishi wanaokwenda SHIMISEMITA, michezo ya watumishi wa serikali za mitaa, na ile isiyokosekana inayoomba "chochote mtakachoguswa nacho". Zote zimegongwa muhuri na zote zinataja CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii. Usijibu hata moja kabla hujajua kampuni yako inatoa fedha gani, kwa nani na chini ya sheria ipi. Nimefanya kazi hii upande wa halmashauri na baadaye upande wa mgodi, na ugomvi mwingi niliousuluhisha ulianzia hapo: watu wawili wanabishana juu ya fedha mbili tofauti huku wote wakiziita CSR.

Anza na fidia, maana ndiyo inayouma zaidi. Sheria za Ardhi za 1999, Na. 4 na Na. 5, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na zinahesabu ardhi, nyumba, mazao, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Hilo ni deni la kampuni kwa mtu mwenye jina lake. Huwezi kumlipa kwa darasa. Katika mkutano mmoja wa kijiji mzee alisimama na karatasi ya uthamini iliyokunjwa mara nne, akaisoma namba ya fomu kwa sauti, kisha akauliza katika madarasa yale mawili mapya, miembe yake imo ukuta upi. Watu walicheka. Meneja wetu alichelewa kucheka kwa sababu alikuwa anasubiri atafsiriwe, na alipotafsiriwa hakucheka tena. Tangu siku hiyo sijawahi kukubali taarifa ya CSR iandikwe kwenye ukurasa mmoja na taarifa ya fidia.

Halafu kuna mrabaha, malipo ya mgodi kwa Serikali juu ya madini yanayouzwa, ambao unakwenda Hazina, na ushuru wa huduma, ambao unakwenda halmashauri. CSR inakuja baada ya hizo. Fanya hesabu hii kwenye daftari lako. Chukua wakia (aunsi) moja ya dhahabu iliyouzwa dola 2,000. Kwa viwango vya 2017 mrabaha ni asilimia 6, yaani dola 120. Ada ya ukaguzi ni asilimia 1, dola 20. Ushuru wa huduma, kwa asilimia 0.3 ya mauzo tuliyoizoea, ni dola 6. Na CSR? Barrick, kampuni ya migodi ya dhahabu, baada ya makubaliano na Serikali yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga, iliahidi dola 6 kwa kila wakia inayouzwa. Angalia namba hizo mbili za mwisho. Kwa bei ya dola 2,000 zinalingana. Bei ikipanda hadi 4,000, ushuru unafika dola 12 na CSR inabaki 6. Kwa hiyo diwani anayepiga kelele kwamba CSR ya mgodi ni ndogo, huku ushuru wa huduma haujulikani umekwenda wapi, anapigania fungu dogo na kuliacha lililo kubwa, ambalo ni mali ya halmashauri yake mwenyewe na halimhitaji kuomba. Mweleze kwa adabu, tena faragha. (Viwango hivi huguswa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika kila Julai 1, angalia cha mwaka wako kabla hujasimama mbele ya watu na kipaza sauti.)

Utashangaa kwa nini wazee wanaipima kampuni yako kwa kipimo usichokijua. Walikulia mahali ambapo mwajiri alikuwa ndiye mji. Mwadui, baada ya John Williamson kugundua almasi mwaka 1940, palikuwa na nyumba, shule, hospitali na viwanja vya michezo vya mgodi. Mashamba ya mkonge yalikuwa na zahanati zake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashirika ya umma yalirithi mtindo huo na kuukuza: basi la wafanyakazi, kantini, kliniki, timu ya mpira. Reli ilikuwa na timu yake Morogoro, viwanda vya sukari vinazo hadi leo. Hakuna aliyeuita mtindo huo CSR. Ulikuwa sehemu ya kuajiriwa, na majirani walinufaika kwa kukaa karibu.

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulivunja mpango huo. Mnunuzi alichukua mashine na kuacha zahanati. Sheria ya Madini ya 1998 ikaleta migodi mikubwa ya dhahabu kwa mrabaha wa asilimia 3, na baadhi ya migodi hiyo ilikuwa na mikataba ya kuilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka badala ya asilimia 0.3 ya mauzo. Pengo hilo likazibwa na hisani: kampuni inachagua kijiji, inachagua mradi, inachagua siku, inaleta kamera. Mabenki nayo yakaingia na madawati na mabati. 2016, elimu bila ada ilipojaza madarasa na watoto wakakaa sakafuni, kila kampuni nchini ilitengeneza madawati. Sisemi ilikuwa mbaya. Watoto walikalia. Ila mtu aliyeamua darasa lipi lipate na lipi likose alikuwa meneja masoko.

Kisha ukaja mwaka 2017. Marekebisho ya Sheria ya Madini yaliingiza kifungu cha 105: mwenye leseni anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa CSR unaokubaliwa kwa pamoja na serikali ya mtaa husika, kwa kushauriana na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na waziri wa fedha, ukizingatia vipaumbele vya jamii inayozunguka mgodi. Halmashauri nayo ikapewa kazi ya kutunga miongozo, kusimamia utekelezaji na kuelimisha wananchi. Kanuni zikafuata 2023. Sheria ya Petroli ya 2015 ilikuwa imeshaweka wajibu wa namna hiyo kwa wachimbaji wa gesi na mafuta. Soma kifungu cha 105 chote, ni kifupi. Utagundua hakitaji asilimia. India, kwa Sheria ya Makampuni ya 2013, inazitaka kampuni zinazofikia kiwango fulani cha ukubwa zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Kwetu kiasi kinatoka mezani, kwenye majadiliano, kwa hiyo unayekwenda kukaa kwenye meza hiyo ukiwa hujajiandaa unaiponza kampuni na kijiji kwa pamoja.

Maoni yangu juu ya kifungu hicho: kilifanya jambo kubwa, kuutoa mpango kwenye droo ya meneja na kuuweka kwenye vikao vya halmashauri. Lakini kilifungua mlango wa pili. Mkurugenzi mwenye upungufu wa mapato ya ndani anaiona CSR kama chanzo kimojawapo cha bajeti, na kijiji kinachokula vumbi la mgodi kinasikia kwamba fedha zimejenga uzio makao makuu ya wilaya. Kazi yako, mdogo wangu, iko katikati ya hapo. Huna kura kwenye baraza la madiwani, lakini una haki ya kuuliza mradi huu umetoka kijiji gani.

Na uulize kwa karatasi. Usiridhike na barua ya diwani peke yake. Dai muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, wenye tarehe, mahudhurio na sahihi. Mkutano huo unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, kwa hiyo muhtasari haupaswi kuwa kitu cha kutafutwa wiki mbili. Utapewa wakati mwingine orodha ya mahudhurio yenye majina sitini, yote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Irudishe. Mtendaji atakasirika siku hiyo, mwezi ujao ataitisha mkutano wa kweli.

Wakikuletea ombi la jengo, uliza kwanza kama kuna boma. Karibu kila kata ina boma la darasa au zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi, likafika lenta, likasimama hapo mpaka likaota nyasi ndani. Watu walichangishwa matofali, walibeba maji na mchanga. Kampuni inapoliruka boma hilo na kujenga jengo jipya mita mia moja pembeni, kwa sababu mchoro wa makao makuu unapendeza zaidi, inawaambia wananchi kwamba jasho lao lilikuwa la bure. Kumalizia ni rahisi kifedha pia, mradi mhandisi wa halmashauri akague msingi na kuta kwanza na kuandika kwamba vinafaa.

Zahanati inataka tahadhari ya pekee. Jengo ndilo jepesi. Kabla hujaweka saini, pata majibu ya mganga mkuu wa wilaya kwa maandishi: watumishi wamo kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi), na wataripoti lini? Nyumba ya mtumishi ipo? Jokofu la chanjo litatumia umeme gani? Nimewahi kufungua mlango wa zahanati iliyozinduliwa miezi mingi nyuma nikakuta vitanda bado viko kwenye nailoni, kalenda ya uzinduzi ukutani, na popo darini. Kibao cha jiwe la msingi kilikuwa kinang'aa. Mlinzi alikuwa anakifuta kila asubuhi kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyokuwepo.

Maji ni hivyo hivyo: nani anakusanya fedha ya ndoo, nani anatunza akaunti, nani ana namba ya fundi. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ipo tangu 2019 na inasimamia vyombo vya watumia maji vijijini. Ukichimba kisima bila wao umejiajiri kuwa fundi bomba wa kijiji hadi ustaafu.

Kuhusu siasa sina mengi. Mwaka wa uchaguzi kabidhi miradi mapema au subiri kampeni ziishe, na usikubali kibao kiandikwe jina la mgombea.

Jambo ambalo vijana wengi wa idara yetu hulidharau ni manunuzi, kwa kuwa yako ofisi nyingine. Mgodi unalisha watu mamia kila siku. Nyanya, mayai na kuku wakitoka vijiji jirani, fedha hiyo inaweza kupita CSR ya mwaka mzima, na haihitaji kukata utepe. Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinasukuma upande huo. Lakini angalia kinachomkuta mama wa kikundi. Anatakiwa awe na TIN (namba ya mlipakodi), risiti ya EFD (mashine ya kodi), akaunti ya benki, gari lenye kava, na ukubwa wa nyanya usiobadilika. Akivuka yote hayo, mzabuni wa chakula anamlipa baada ya siku sitini. Yeye mbegu na dawa alikopa, na mkopo hausubiri siku sitini. Ukiweza kumshawishi meneja manunuzi alipe vikundi vya kijiji ndani ya siku saba, umefanya zaidi ya mtu aliyegawa madawati mia. Nimeona likikataliwa kwa hoja ya "mfumo haukubali", na nimeona mfumo ukikubali mara tu mkurugenzi wa mgodi alipouliza ni nani aliyeuandika.

Kama uko benki au kiwandani, kifungu cha 105 hakikuhusu, lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakuhusu. Kifungu cha 16 kinaruhusu michango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii ipunguzwe kwenye mapato ya biashara kabla ya kodi, kwa kikomo cha asilimia 2. Mhasibu atakudai risiti na barua ya kupokea. Zitunze tangu siku ya kwanza.

Weka pia daftari la malalamiko, la karatasi, hata kama ofisi imekununulia programu. Nyufa za nyumba baada ya mlipuko, maji yaliyobadilika rangi, ng'ombe aliyegongwa na lori: tarehe, saa, jina, jibu lilitolewa lini. Kamwe usilipe ufa wa nyumba ya mtu kutoka kwenye fungu la CSR. Ukifanya hivyo mara moja, mwaka unaofuata halmashauri itakuuliza kwa nini mradi wake umepungua, na mwenye nyumba ya pili atauliza kwa nini yeye aombe "msaada" kwa ukuta aliobomolewa.

Mwisho, ndani ya mwezi wa kwanza omba kuona mpango wa kufunga mgodi. Kuna watakaokutazama kama mtu mwenye nuksi. Golden Pride ya Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa enzi hii, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na haukudumu miaka ishirini. Buzwagi, Kahama, uliacha uzalishaji 2021. Kaa na mhandisi wa umeme wa mgodi, mwandike orodha ya kila pampu ya kijiji, kila zahanati na kila bweni linalovuta umeme au maji kutoka kwenye mitambo ya kampuni. Mbele ya kila jina andikeni gharama ya kuliunganisha na TANESCO au kulifungia sola, na muiingize kwenye mpango wa CSR wa mwaka ujao, kabla hamjapokea ombi lolote jipya la jengo.