Maswali na Majibu: Kipima Kina kwenye Kayaki ya Kuvulia

Maswali ya safari hii yote yanahusu kipima kina cha sona, yaani kifaa kinachopima kina cha maji kwa mwangwi wa sauti, kinapofungwa kwenye kayaki ya plastiki, chombo ambacho hakina injini wala umeme wake chenyewe. Transdyusa, itakayotajwa sana hapa, ni sehemu ya kifaa inayotoa sauti hiyo na kupokea mwangwi wake.

Nina kayaki ya plastiki na ninaogopa kuitoboa chini. Je, transdyusa inaweza kufanya kazi ikiwa ndani ya kayaki? (Msomaji, Kilifi)

Inaweza, na kwa kayaki nyingi za polithini, aina ya plastiki, hiyo ndiyo njia ninayoipendelea, ila kwa sharti moja lisilo na msamaha: kati ya uso wa transdyusa na maji ya nje pasiwepo hewa hata kidogo. Transdyusa hutoa mlio ambao sikio la binadamu haliusikii. Mlio huo hushuka majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, hugonga chini na kurudi, kisha kifaa hukokotoa kina kutokana na muda uliotumika. Plastiki ngumu ya tabaka moja huupitisha mlio huo na kuupunguza kidogo tu, lakini hewa huurudisha karibu wote. Kwa hiyo epuka sehemu yenye tabaka mbili au yenye sponji ndani, hata kama ndiyo inayofikika kwa urahisi.

Kabla ya kubandika chochote, fanya jaribio. Kayaki ikiwa inaelea mahali penye utulivu, mimina maji kidogo ndani ya tumbo lake, itumbukize transdyusa humo uso wake ukielekea chini, na usome kina. Kisha itoe, uishike ubavuni mwa kayaki ndani ya maji ya nje, palepale ulipo. Vipimo vikikaribiana na mchoro wa chini usipofifia sana, mahali hapo panafaa.

Katika kubandika ndipo wengi hukwama, kwa sababu silikoni haishiki vizuri kwenye polithini, na kiputo kimoja kilichobaki ndani ya gundi hutosha kuharibu kazi yote. Mimi nashauri utengeneze kijibwawa. Chukua soli nene ya kandambili, ikate tundu linaloibana transdyusa sawasawa, kwangua plastiki kwa msasa, kisha bandika soli hiyo sakafuni kwa gundi ya viatu. Kila unapotoka, mimina maji ndani ya tundu, bonyeza transdyusa mpaka ikae wima bila kuinama, na upitishe kidole chini ya uso wake ili kuondoa viputo. Kwa mpango huu transdyusa hutoka wakati wowote na hakuna kilichotobolewa. Hasara zake ni mbili: kipimo cha joto la maji hakitaaminika, na picha zinazoonyesha vitu kwa undani, zinazotumia masafa ya juu (mitetemo mingi zaidi ya sauti kwa sekunde), kama kilohezi 455 au 800, hudhoofika sana. Ikiwa ulikinunua kifaa kwa ajili ya picha hizo, funga transdyusa kwenye mkono wa ubavuni unaokunjika, na ukubali kwamba utaukunja kila unapokaribia ufuoni.

Fundi ameniambia nitumie betri ya UPS (kifaa cha akiba ya umeme wa kompyuta) ya volti 12. Itanifikisha wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Fundi wako hakukosea. Betri hiyo ya risasi, ambayo mara nyingi ni ya ampea-saa 7, imezibwa na haimwagi asidi kayaki inapolala ubavu, tofauti na betri za pikipiki za kuongezwa maji, ambazo singezipakia kamwe. Skrini ndogo hula takriban nusu ampea, na betri ya risasi isishushwe chini ya nusu ya ujazo wake ikiwa unataka idumu; hivyo nusu hiyo, ampea-saa 3.5, ukigawanya kwa 0.5 unapata saa saba. Kwa mvuvi anayetoka alfajiri na kurudi adhuhuri zinatosha, ingawa kuongeza mwangaza wa skrini kutazipunguza.

Uzito wake ni zaidi ya kilo mbili, kwa hiyo ifunge kwa mkanda chini na katikati ya chombo. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya ampea-saa 6 haifiki kilo moja na hutumika karibu yote, lakini bei yake ni kubwa na inataka chaja yake maalumu. Ukiwa na betri ya risasi, ichaji siku hiyohiyo uliyorudi, nayo iwe nje ya kisanduku chake mahali penye hewa, kwa kuwa inaweza kutoa haidrojeni.

Je, fyuzi ni ya lazima kwa kifaa kidogo hivi? (Msomaji, Mtwapa)

Ni ya lazima. Betri ndogo ikipigwa shoti huweza kuyeyusha waya kabla hujafika kwenye swichi. Weka fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha kifaa, mara nyingi ampea 3, kwenye waya chanya na karibu kabisa na betri.

Skrini yangu huzima na kuwaka yenyewe nikipita kwenye mawimbi. Je, nimeuziwa kibovu? (Msomaji, Tanga)

Usirudi dukani bado. Fungua viungo vya waya: ukikuta unga wa kijani kwenye shaba, chumvi imekwisha kuingia, na kila mtikisiko unakata umeme. Kata sehemu iliyoliwa, unga upya kwa waya uliopakwa bati, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani, na ufunge waya usicheze. Waya wa transdyusa, hata hivyo, usiukate wala kuuunga.

Nikipiga kafi kidogo tu kutoka ufuoni, namba ya kina huanza kumeta na kupotea. (Msomaji, Kigoma)

Ziwa Tanganyika hufikia kina cha mita 1,470 na kingo zake huporomoka ghafla, hivyo kifaa chako kimepoteza chini tu. Masafa ya kilohezi 200 huchoka mapema. Kama transdyusa yako ina masafa ya chini, kwa mfano 83 au 50, yatumie. Lakini kwa uvuvi huhitaji kuiona chini ya ziwa. Upande wa kaskazini, maji yaliyo chini ya takriban mita 100 hayana oksijeni, na samaki hawakai humo. Zima mpangilio unaobadilisha kipimo cha skrini wenyewe, weka skrini ionyeshe mita 0 hadi 60, nawe utaona makundi ya dagaa kwa ukubwa unaoeleweka.

Mwamba uleule ulisoma mita 9 asubuhi na mita 12 mchana. Nirekebishe nini? (Msomaji, Kilifi)

Usirekebishe kitu. Wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi), tofauti ya maji kupwa na kujaa katika pwani yetu hupita mita 3. Ukiwa na shaka, teremsha chubwi na upime mshipi. Na unapohifadhi alama ya mwamba, andika pia saa na hali ya maji.