Tambarare mtawaacha, mlimani mtaachwa

Kila kijana anayekuja kujifunza kuendesha baiskeli ya watu wawili hapa Moshi huniuliza swali lile lile kabla hajagusa usukani: inakimbia kuliko ya mtu mmoja? Wadogo zangu, inategemea barabara imelalaje. Nina miaka sita nakaa mbele, na nyuma yangu anakaa mdogo wangu ambaye haoni. Hili ningependa mlijue mapema, maana mimi nilichelewa.

Anzieni barabara ya TPC, ile inayoshuka kwenye mashamba ya miwa. Haina mlima wa kutaja. Pale mkinyonga kwa pamoja mtamwacha mtu aliye peke yake hata kama ana miguu kama yenu. Sababu ni upepo. Ukifika kama kilomita 25 kwa saa, sehemu kubwa ya jasho lako inaishia kuupasua upepo. Wa nyuma amejificha mgongoni kwa wa mbele, kwa hiyo miguu imekuwa minne lakini upepo umeongezeka kidogo tu.

Ila msitarajie mwendo maradufu. Upepo ni mchoyo: ukiongeza mwendo kidogo, wenyewe unadai nguvu nyingi. Hata usingeongezeka kabisa, nguvu mara mbili zingempa aliyekuwa akienda 30 kwa saa kama 38, basi. Barabarani ni chini ya hapo. Na mkijipima, pimeni kwenda na kurudi, kwa sababu njia ile ina mteremko mdogo ambao macho hayauoni ila miguu inaujua.

Sasa geuzeni mwelekee Kibosho. Mlimani mwendo unashuka, upepo haudai kitu tena, na faida yenu yote imekwisha. Kinachobaki ni uzito, na uzito wenu ni wa watu wawili. Kama mmoja ana nguvu na mwenzake amechoka, mnapanda kwa wastani wenu, na mwenye nguvu hawezi kutangulia akamsubiri mwenzake juu. Tena kusimama juu ya pedali ni kazi: mkisimama bila kupatana, fremu inayumba na mnyororo unalia. Nyie kaeni, wekeni gia nyepesi mapema, mzungushe taratibu. Watakaowapita waacheni wapite. Tukienda Arusha, ambako ni juu kuliko Moshi kwa zaidi ya mita 400, wenzetu hutuacha kuanzia Usa River tukipanda Tengeru. Tukirudi, tunawapita njia ile ile.

Mteremko ndio unaoniogopesha, na nataka mniamini. Uzito uliowachosha kupanda ndio unaowasukuma kushuka, na mnashika kasi haraka kuliko baiskeli yoyote ya mmoja. Breki nazo zinazuia watu wawili kwa vipande vile vile vya mpira. Mwaka wetu wa kwanza tulishuka kutoka Marangu kuja Himo nikiwa nimebana breki ya nyuma moja kwa moja, nikidhani huo ndio uangalifu. Mdogo wangu akasema, "Kaka, nasikia harufu ya mpira." Sikusimama. Baada ya kona mbili tyubu ya nyuma ilipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Nilipofanikiwa kuisimamisha kando ya migomba, niligusa ringi, na kidole kikatoka malengelenge. Bahati yetu ilikuwa gurudumu la nyuma. Lingekuwa la mbele nisingekuwa naandika haya.

Kwa hiyo, bana, achia, bana tena, ukitumia zote mbili. Mteremko ukiwa mrefu simameni kabla ringi hazijachemka, hata kama mnajisikia vizuri. Kama fundi anaweza kuwafungia breki ya tatu au ya diski, lipieni hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo la mwisho ni mdomo. Wa nyuma hana usukani, hana breki, na kwa wengi tunaowabeba hana macho. Kwenye mashindano ya Paralimpiki ni hivyo hivyo, asiyeona hukaa nyuma na mwenye kuona mbele, na pale wanakimbia kweli kweli. Kabla ya kubadili gia sema "gia", ili wote mlegeze miguu kidogo, la sivyo mnyororo unaweza kukatika. Kabla ya tuta sema "tuta", naye anyanyuke, kwa sababu gurudumu la nyuma liko karibu chini yake na pigo lote linamfikia. Matuta ya Boma Ng'ombe nilikuwa nayapita kimya siku za mwanzo, hadi mdogo wangu akaniomba tusimame. Alikuwa ameuma ulimi, damu imemjaa mdomoni, na hakuwa amelalamika tangu tuta la kwanza.