Wapelelezi wangu hawaivi chungu kimoja

SWALI: Naandika tamthilia ya wapelelezi wawili, Sefu na Rehema, kila kipindi dakika 45. Mmoja mmoja wanapendeza, ila wakiwa pamoja wanapooza. Katika kipindi cha 3 nimewaongezea utani na ugomvi kila wanapoingia garini. Bado. Nakosea wapi?

JIBU: Futa huo utani kwanza, upate kuona kilichobaki. Kisha funika majina ya wasemaji na usome mswada upya, kurasa zote 45 hivi (ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya picha). Ukishindwa kujua nani kasema nini, basi umemwandika mtu mmoja ukamgawa mara mbili.

Ugomvi wa garini haushiki kwa sababu hauna uhusiano na kesi. Wakigombania redio, mtazamaji anasubiri tu wamalize. Wape jambo moja wanalolitaka wote, kila mtu kwa njia yake. Tuseme mjane wa marehemu anadanganya, na wote wawili wanajua. Sefu anataka kumbana papo hapo. Rehema anataka aachwe aongee hadi ajikoroge.

Sefu anauliza: "Saa nne usiku ulikuwa wapi?" Mjane kimya. Sefu anataka kurudia swali, Rehema anamsogezea mjane glasi ya maji bila hata kumtazama mwenzake. Sefu anafumba mdomo. Hakuna aliyetania, lakini tumeshajua kwamba wamezoeana, na kwamba Sefu hakubali ila amempisha. Baadaye garini akinung'unika, "Maji yako yamemwokoa," ugomvi huo una mzizi. Mwombe mhariri abaki usoni kwa Sefu sekunde mbili kabla ya kukata. Kuivana huonekana zaidi kwa anayesikiliza.

Hesabu pia nani kapata ushahidi gani. Kama wote ni wa Rehema, Sefu ni abiria, na abiria hata akichekesha anachosha.

Mswada ukiwa sawa na bado kuna baridi, angalia waigizaji. Katika Cagney & Lacey, tamthilia ya Marekani ya wapelelezi wawili wa kike, Tyne Daly aliigiza Lacey tangu filamu ya televisheni ya 1981. Cagney aliigizwa kwanza na Loretta Swit, akafuata Meg Foster kwa vipindi 6 mwaka 1982, ndipo akaja Sharon Gless aliyedumu hadi 1988. Kwa hiyo usimfanyie mwigizaji usaili peke yake. Mpe kurasa 2 zilezile azisome na wenzake watatu, mmoja baada ya mwingine, na umtazame hasa pale asipokuwa na la kusema.