Kamba mbili, injini moja: kwa nini kamba ilikatika?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma mwaka wa kwanza wa stashahada ya ufundi mitambo. Katika gereji ninakofanya mafunzo kwa vitendo, tulitundika injini ya kilo 200 kwa kamba mbili zilizofungwa kwenye nguzo mbili, moja huku na nyingine kule. Kila kamba huhimili kilo 250. Kamba zilikuwa karibu kulala, zikifanya pembe ya nyuzi 15 hivi na mlalo. Moja ilikatika, injini ikaanguka. Tunashukuru hakuna aliyeumia. Je, kilo 200 kwa kamba mbili si kilo 100 kwa kila moja? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Ndugu mwanafunzi, hesabu yako ingekuwa sahihi kama kamba zingening'inia wima. Kamba iliyoinama hubeba sehemu yake ya mzigo na papo hapo huvutana na mwenzake, na mvutano huo wa pembeni, ingawa hauinui chochote, huikaza kamba vilevile. Watu wawili wakibeba ndoo ya maji bega kwa bega, hawachoki upesi. Wakiachana hatua mbili, mabega huanza kuuma ilhali maji hayajaongezeka hata tone.

Sasa chora ndoano ya injini, pale kamba mbili zinapokutana, peke yake, pamoja na kani (nguvu za kuvuta) tatu zinazoishika: uzito wa injini kwenda chini, ambao ni kilo 200 × 9.8 (mvuto wa dunia kwa kila kilo), yaani nyutoni 1,960 (nyutoni ni kipimo cha kani), na mivuto miwili ya kamba. Kwa kuwa ndoano imetulia, mvuto wa kamba moja ukizidishwa kwa 2 na kwa sini ya pembe (kimo cha kamba kikigawanywa kwa urefu wake) lazima ulingane na 1,960. Kamba zikiwa wima, kila moja hupata nyutoni 980. Kwa nyuzi 30, kila moja hupata 1,960, sawa na uzito wa injini nzima. Kwa nyuzi zenu 15, ambazo sini yake ni 0.259, mvuto hufika takriban nyutoni 3,790, na kamba ya kilo 250 huhimili 2,450 tu. Ndiyo maana pia kamba ya kuanikia nguo, hata ikazwe vipi, hubonyea ikianikwa kanga moja mbichi: kamba iliyonyooka kabisa ingehitaji mvuto usio na kikomo.

Mara nyingine fungeni juu zaidi au refusheni kamba hadi pembe ifike nyuzi 60, ambapo kila moja itapata nyutoni 1,130 hivi. Hata hapo chagueni kamba nene kuliko hesabu inavyodai, kwa sababu fundo lenyewe huipunguzia kamba nguvu.