Namba za tablatura ziko sawa, mbona wimbo hautoki?

SWALI: Napanga nyimbo za gitaa la kucharazwa kwa vidole na kuziandika kwenye kompyuta kwa tablatura, yaani mistari sita ya nyuzi yenye namba za mahali pa kubonyeza. Nilimpa mwenzangu mmoja, akabonyeza kila namba sawasawa, lakini besi ikawa inakatika na sauti ya juu ikazama. Nikajaribu kuweka herufi ya kidole juu ya kila namba, ukurasa ukajaa hadi hausomeki. Tena herufi p naitumia kwa kidole gumba na pia kwa kuvuta uzi kwa mkono wa kushoto. Nifanyeje?

JIBU: Mwenzako hakukosea, amepiga kila ulichomwandikia. Namba za tablatura humwambia mtu abonyeze wapi, basi. Hazisemi kidole gani cha mkono wa kulia kicharaze, wala sauti iachwe ilie hadi lini. Na katika uchezaji wa vidole, wimbo wenyewe umo humo.

Mimi huandika nikifikiria wapigaji wawili. Gumba ni mpigaji wa besi, vidole vingine ni mwimbaji. Kila mmoja mpe upande wake: herufi za vidole juu ya mistari, za gumba chini yake. Herufi zenyewe ni za Kihispania na zinajulikana kote: p ni gumba (pulgar), i ni kidole cha shahada (índice), m cha kati (medio), a cha pete (anular). Tazama kipimo hiki cha mapigo manne, mkono wa kushoto ukiwa kwenye kodi (noti kadhaa zinazoshikwa pamoja) ya C:

```
   m        i     m
e|-0--------------0-------|
B|----------1-------------|
G|------------------------|
D|-------2-----------2----|
A|-3-----------3----------|
E|------------------------|
   p     p     p     p
   1     2     3     4
```

Hata kabla ya kushika gitaa, jicho linaona kwamba gumba halikosi pigo hata moja, na kwamba i na m ya pili zinaangukia katikati ya mapigo. Ukizichanganya herufi zote kwenye mstari mmoja, picha hiyo inapotea.

Baada ya hapo, nyamaza. Mchoro wa vidole ukiendelea vilevile, usiurudie kwenye vipimo vinavyofuata. Andika herufi tena pale tu mkono utakapobabaika: gumba likipanda hadi uzi wa 3, sauti ya juu ikishuka kwenye nyuzi ambazo kwa kawaida ni za gumba, au kidole kimoja kikilazimika kupiga mara mbili mfululizo. Busara hii ni ya zamani. Vitabu vya tablatura ya lute, ala ya nyuzi ya zamani inayofanana na gitaa, alivyochapisha Ottaviano Petrucci huko Venice mwaka 1507 viliweka nukta ndogo chini ya noti inayopigwa kwa kwenda juu. Isiyo na nukta ilipigwa kwa kwenda chini. Nukta moja tu, na mkono wa kulia ukaelewa.

Kuhusu besi inayokatika, hapo ndipo tablatura iliyochapwa kwa namba na herufi tupu, bila alama za noti, ilipo dhaifu kuliko pote. Ile 3 ya uzi wa A kwenye pigo la kwanza inatakiwa ilie hadi pigo la tatu, lakini hakuna kinachomzuia msomaji kuinua kidole mapema. Kama programu yako inaruhusu sauti mbili, zitumie: mikia ya noti za gumba ielekee chini, ya vidole ielekee juu, na kila noti ipewe urefu wake halisi. Kama huna, andika "acha zilie" juu ya kipimo na uvute mstari wa vitone hadi mahali sauti inapotakiwa kufa. Usiandike maneno hayo mwanzoni mwa ukurasa ukadhani yatatosha kwa wimbo mzima.

Suala la p linatatuliwa na mahali ilipokaa. Ndani ya mstari, kati ya namba mbili, ni kuvuta: 3p1. Nje ya mistari ni gumba. Ukiweza kuchora upinde kati ya namba mbili, achana na p ya ndani kabisa.

Mishale ya kupangusa nyuzi zote huwachanganya wengi. Katika tablatura uzi mnene ndio mstari wa chini, kwa hiyo mshale unaopanda unatoka uzi mnene kwenda mwembamba, ilhali mkono wenyewe unashuka kuelekea sakafuni. Lieleze hilo kwenye ufunguo wa alama. Kugonga mbao usikuandike kwa x juu ya mstari wa uzi, maana x hapo husomwa kuwa uzi uliozibwa. Weka alama yake chini ya mistari, na useme unagonga kwa kiganja au kwa gumba.

Hamoniki za nyuzi wazi, zile sauti za kengele za freti (vyuma vya shingo ya gitaa) ya 12, 7 na 5, zitie kwenye mabano ya pembe: <12>. Kapo nayo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni mwa gitaa, itaje kabla ya kipimo cha kwanza, pamoja na jinsi nyuzi zilivyokazwa kupata sauti zake. Kapo ikiwa freti ya 3, namba 0 sasa ni pale ilipo kapo, na namba 2 ni freti ya 5 ya gitaa.